Papa wa baharini, papa wa nyumbani: kisa cha opera ya watoto ya lugha mbili

Msichana wa miaka kumi amepotezana na baba yake katikati ya soko la samaki Feri. Anamwita baba kwa Kifaransa: "Papa! Papa!" Wauza samaki wanageuka, mmoja ananyanyua papa wa sponji mwenye urefu wa mita moja na nusu, na kwaya nzima inamjibu: "Papa? Papa huyu hapa!" Kichekesho kama hicho kingemchekesha hata mtoto wa chekechea. Katika onyesho la kwanza hakucheka mtoto hata mmoja. Watu wazima wachache wa viti vya nyuma walicheka, kwa sababu zao wenyewe.

Kazi yenyewe ni opera ya watoto ya Kiswahili na Kifaransa, iliyoandaliwa na kikundi kimoja cha hapa Dar es Salaam. Inahusu familia iliyotoka Lubumbashi: baba, mama, bibi na binti. Wanavuka mpaka Kasumbalesa, wanapanda treni Kapiri Mposhi, wanamaliza kilomita 1,860 za reli ya TAZARA na kushuka Dar wakiwa na mabegi manne na gitaa moja. Baba anahangaika Kariakoo, mama anatafuta chumba cha kupanga, binti anaanza darasa la nne katika shule ambako hakuna anayejali kwamba kwao alikuwa wa kwanza kwa Kifaransa. Waimbaji watoto ni 22, wa miaka 8 hadi 13. Watu wazima ni wanne. Vyombo ni kinanda cha umeme, gitaa kavu, filimbi moja na ngoma mbili. Mazoezi yalikuwa ya wiki kumi, mara tatu kwa wiki, dakika 90 kila mara.

Ilipangwa iwe ya dakika 45. Ilikwenda dakika 71, na kuanzia dakika ya 25 hivi watoto waliokaa kwenye mikeka ya mbele walikuwa wameshaanza mazungumzo yao. Baada ya onyesho lawama iliangukia Kifaransa: watoto wetu hawakijui, mnawachosha bure. Lawama hiyo ilikosea njia. Sehemu iliyowachosha watoto zaidi, ukiangalia video ya siku ile, ni ile ambayo kila kitu kilitafsiriwa.

Kila mstari mara mbili

Maneno yalikuwa na mistari 310. Kati ya hiyo, 118 ilikuwa kitu kilekile kikirudiwa kwa lugha ya pili. Mama anaimba "Ouvre la porte", halafu papo hapo anaimba "Fungua mlango". Nia ilikuwa njema, asiachwe mtu nyuma. Lakini jukwaani mtu anayesema jambo mara mbili kwa mtu yuleyule anaonekana hana akili timamu, na mtoto anagundua haraka kuliko mtu mzima kwamba nusu ya kwanza haimhusu. Baada ya dakika kumi anajifunza kusubiri Kiswahili. Baada ya dakika ishirini amechoka kusubiri.

Kikundi kilifikiria kuondoa marudio na kuweka projekta inayoonyesha tafsiri juu ya jukwaa, kama zifanyavyo nyumba nyingi za opera. Wazo likaachwa, na ni vizuri liliachwa. Mtoto wa miaka saba husoma taratibu. Macho yake yakipanda ukutani kusoma, hayupo tena jukwaani. Na umeme ukikatika, nusu ya hadithi inakatika nao.

Walichofanya ni kuipitia mistari yote 118 kwa kalamu na kujiuliza swali moja: mtoto asipoelewa mstari huu, atapotea? Mistari mingi jibu lilikuwa hapana. Mama akisukuma mlango uliokwama na kuimba "Ouvre la porte", mlango wenyewe umeshatafsiri. Hiyo ikabaki kwa Kifaransa peke yake. Mistari ambayo jibu lilikuwa ndiyo haikutafsiriwa, ilijibiwa. Binti anauliza "Où est papa?" na muuza samaki anajibu, "Unamtafuta baba yako? Si yule aliyekwenda kununua barafu?" Swali limeeleweka kupitia jibu, na jibu limeleta habari mpya, kwa hiyo hadithi inasogea badala ya kukanyaga palepale. Mistari 41 iliandikwa upya kwa mtindo huu. Iliyobaki ikafutwa au ikaachwa kwa lugha moja.

Anayeijua ngonjera haoni jambo jipya hapa. Watu wawili wanapokezana, kila mmoja ana lake, na msikilizaji aliyekosa ubeti wa huyu anauokota kwenye majibu ya yule. Inashangaza kidogo kwamba kikundi cha Dar kilianza na mtindo wa mkalimani wa mkutanoni kabla ya kukumbuka ngonjera.

Nani anaongea nini

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, ingawa walioliona ni wachache: watazamaji waliotoka Kongo. Katika maneno ya kwanza, familia nzima ilizungumza Kifaransa nyumbani, hata bibi. Ndiyo maana ya lugha mbili, walidhani: wageni Kifaransa, wenyeji Kiswahili.

Lubumbashi haiko hivyo. Kifaransa ndiyo lugha rasmi ya Kongo, ya shule na ya karatasi za serikali. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Kiluba cha Kasai, na ndicho kinachosikika mitaani na majumbani Lubumbashi. Bibi wa huko anayembembeleza mjukuu kwa Kifaransa cha shule si bibi anayefahamika. Angembembeleza kwa Kiswahili chake, chenye "batoto" badala ya watoto na "mu nyumba" badala ya nyumbani.

Marekebisho haya yaliipa opera kitu ambacho haikuwa nacho. Sasa binti anafika Dar akijua Kiswahili, au akidhani anakijua, na wenzake wanamcheka. Hilo linauma kuliko kutojua kabisa. Bibi anamwita "katoto kangu" kwa mapenzi. Mtoto wa Dar akisikia ka- anafikiri ametukanwa, maana kwetu ka- mara nyingi ni ya kudharau: kajumba kenyewe, kamtu kale. Ugomvi wa shuleni, ambao mwanzoni ulisababishwa na kalamu iliyoibwa (kisa dhaifu, kila mchezo wa watoto unacho), sasa unasababishwa na silabi moja.

Kifaransa nacho kikapata kazi yake: lugha ya shule aliyoiacha. Binti anahesabu kwa Kifaransa, anasoma saa kwa Kifaransa, anaota akiitwa ubaoni kwa Kifaransa. Hapo napo palikuwa na mwiba. Aliyeandika maneno alijifunza Kifaransa cha Ufaransa, akaandika tisini kuwa "quatre-vingt-dix". Wakongo, kwa urithi wa Ubelgiji, husema "nonante", na sabini ni "septante". Neno fupi lile lilirahisisha hata wimbo wa kuhesabu samaki, ambao ulikuwa unajikwaa palepale kila mara.

Mgawanyo wa mwisho ulikuwa takriban sehemu saba za Kiswahili cha Dar, mbili za Kifaransa, moja ya Kiswahili cha Lubumbashi. Hiyo moja ndiyo inayobeba uzito.

Mkazo

Turudi Feri. Kwa nini utani wa papa ulikufa?

Mtunzi wa muziki alitumia noti zilezile kwa wote wawili. Binti aliita "papa" kwa noti mbili zinazolingana, wauza samaki wakajibu kwa noti mbili zinazolingana. Kwa sikio, neno lilikuwa moja. Mtoto aliyekaa mkekani alisikia msichana akiomba papa, akaona watu wanampa papa, basi. Hakukuwa na kosa la kuchekwa.

Lakini yakisemwa, maneno haya hayafanani. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: PA-pa. Kifaransa huusukuma mwisho: pa-PA. Vivyo hivyo mama: sisi MA-ma, wao ma-MAN. Katika marekebisho, binti anaita so–do: "pa" fupi kabla ya pigo, kisha anaruka juu na kutua kwenye pigo la kwanza kwa "PA" ndefu. Wauza samaki wanajibu do–so: "PA" kwenye pigo, "pa" inaanguka chini. Noti ni zilezile mbili zikiwa zimegeuzwa. Mtoto asiyejua neno la Kifaransa anasikia kabisa kwamba huyu anaita kitu kimoja na wale wanajibu kingine, na papa wa sponji anapopanda juu, ukumbi unaangua kicheko.

Kulifanya ni kazi kuliko kulieleza. Wanakwaya wadogo walikuwa wanavutwa na wimbo wa binti: akiita so–do, nao wanajibu so–do. Dawa iliyofaa ilikuwa makofi. Kwa vipindi viwili hawakuimba. Walisema neno na kupiga kofi kwenye silabi yenye mkazo, kundi moja Kifaransa, kundi moja Kiswahili, kisha wakabadilishana. Noti ziliongezwa baadaye.

Upande wa Kiswahili kulikuwa na ajali nyingine ya aina hiyo. Mwandishi wa maneno ametokea kwenye ushairi, na mizani zake hazina kasoro. Tu-na-vu-ka ba-ra-ba-ra: nane kamili. Hata ile m ya "mtoto" na n ya "nchi" aliihesabu mizani, hivyo kila moja ilipata noti yake, jambo ambalo watunzi wengi waliosomea muziki wa Ulaya hulikosea. Tabu ni kwamba mizani huhesabu silabi tu, hazipimi mkazo. Mtunzi wa muziki aliweka noti ndefu na ya juu kwenye silabi ya sita, na njia ikageuka kuwa "barábara", yaani sawasawa. Watoto 22 wakavuka jukwaa wakiimba kwa nguvu kwamba wanavuka sawasawa. Noti ile ilisogezwa silabi moja mbele, kwenye "ba" ya saba, na mambo yakakaa.

Hiyo m na n zilizopata noti zake zina shida yao: sauti inatokea puani tu, na ni hafifu. Ngoma ikipigwa juu yake, "mtoto" inasikika "toto". Ngoma ilinyamazishwa kwenye silabi hizo, zikasikika.

Kwa Kifaransa cha kuimba, matatizo ya watoto wetu yanatabirika. Wanaongeza vokali mwishoni: "maman" inakuwa "mamani". Ile u ya "rue" inakuwa "i", neno likasikika "ri". Kwa u hiyo, mwambie mtoto aimbe "i", kisha bila kubadilisha ulimi akunje midomo kama anapuliza uji wa moto. Wengi huipata siku hiyohiyo. Kwa "porte", usipigane na vokali ya mwisho. Kifaransa cha kuimba chenyewe huruhusu silabi ile kupewa noti, kwa hiyo iliandikwa noti fupi hafifu, na kile ambacho watoto walikuwa wanakosea kikawa sahihi.

Sol ni ipi?

Vipindi vitatu vizima vilipotea kwa jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Mpiga kinanda alisomea muziki kwa Kifaransa. Watoto walilelewa kwenye kwaya za makanisani. Wote wanasema do, re, mi. Kwa Mfaransa, do ni C daima, na sol ni G daima. Kwa mwanakwaya wa Tanzania, do ni mwanzo wa ufunguo wowote mlioamua: kama nota imeandikwa do ni D, basi so ni A. Mpiga kinanda alisema "anzieni sol", akapiga G. Watoto wakaanza A. Kila upande ukaona mwenzake hana sikio, na hakuna aliyekosea.

Makubaliano yalikuwa rahisi: majina ya do-re-mi yakawa ya watoto peke yao, na mpiga kinanda akatumia herufi, C, D, E. Kila karatasi ikaandikwa juu yake, kwa kalamu nyekundu, "do ni D".

Kuhusu ufunguo wenyewe: nyimbo za kwaya zilitungwa katika G, zikipanda hadi G ya juu. Watoto wa miaka tisa waliifikia kwa kupiga kelele, na maneno yakapotea, iwe Kiswahili au Kifaransa. Zilishushwa hadi D, kilele kikawa D ya juu. Gharama yake ni noti za chini kabisa, ambazo wadogo wakiziimba hazisikiki. Hizo waliachiwa wa miaka 12 na 13.

Saa mbili

Sehemu moja ilifaulu tangu siku ya kwanza bila kuguswa. Mwalimu anamwambia mama amlete binti shule saa mbili. Binti, mjuzi wa Kifaransa, anamwambia mama: "Deux heures!" Wanafika mchana, shule imeshafungwa. Jukwaani kuna saa kubwa ya boksi, mita moja toka ukingo hadi ukingo. Mshale ukiwa kwenye nane, kwaya inaimba "saa mbili" na binti anaimba "huit heures". Ukihamia kwenye mbili, kwaya "saa nane", binti "deux heures". Lugha mbili, mshale mmoja, na hakuna tafsiri. Mwandishi alitaka kuongeza kwamba Lubumbashi iko saa moja nyuma ya Dar na saa ya mkononi ya bibi haijarekebishwa. Akakatazwa. Lingekuwa somo la hesabu.

Mji na ukumbi

Safari ya kutoka stesheni ya TAZARA hadi Kariakoo iliimbwa mwanzoni kama wimbo mzito wa kutamani nyumbani. Sasa ni ya konda. Maneno ya konda wa daladala ni resitativo tayari, yaani ule uimbaji wa mwendo wa kuongea: "Kariakoo, Kariakoo, twende, sogea nyuma, mama shika mtoto!" Yanahitaji kinanda kipige mwitikio mmoja tu na kumfuata. Chini yake kuna mdundo wa singeli, midundo 200 kwa dakika. Watoto walijaribu kuimba kwa kasi hiyo na hakuna neno lililosikika. Wakaimba kwa nusu, 100, singeli ikikimbia chini. Mji unakimbia, familia inatembea. Ni sehemu bora ya opera nzima.

Sauti ya familia ni gitaa kavu, kwa haki kabisa. Katanga, eneo la Lubumbashi, ina jadi yake ya gitaa la vidole, lile ambalo Mwenda Jean Bosco alirekodiwa akilipiga mwaka 1952 huko Jadotville, leo Likasi. Tatizo ni kwamba gitaa halisikiki penye kinanda, na kikundi kilichukua muda mrefu kukubali kwamba dawa ni kuzima kinanda, si kuongeza maiki kwenye gitaa.

Ukumbi una paa la bati na feni sita za dari. Feni zikiwaka, sauti ya mtoto haivuki safu ya nne. Zikizimwa, saa sita mchana hapakaliki. Onyesho likahamishiwa saa tatu asubuhi, madirisha wazi, feni zimezimwa. Muda huo pia uko mbali na adhana ya adhuhuri. Mvua ya masika ikipiga bati hakuna cha kufanya. Miezi ya Machi hadi Mei iliepukwa.

Vibali: mchezo wa jukwaani unaguswa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, na kuna BASATA pia, Baraza la Sanaa la Taifa. Kwa kazi ya lugha mbili, ambatanisha tafsiri ya Kiswahili ya kila mstari wa Kifaransa. Tafsiri ile iliyofutwa jukwaani ilipata kazi yake hapo.

Onyesho la tatu lilikwenda dakika 46. Mwishoni binti anapotea tena, mara hii Kariakoo, na wauza samaki wale wa Feri wanamsaidia kuita. Wanaita so–do, kwa mkazo wake yeye. Mtoto mmoja wa kwaya, mdogo kuliko wote, aliita do–so kwa sauti ya juu, ukumbi ukacheka, na mwongozaji ameamua iachwe hivyo. Wimbo wa bibi bado haujakaa: ubeti wa pili unasikika kinanda tu. Kwa onyesho la nne kinanda kitafunikwa kitambaa kabla bibi hajafungua mdomo, na mpiga kinanda ameombwa ashuke jukwaani kabisa.